Una farasi jike wa mbio na unamtafutia dume? Anza na mkataba, picha za dume baadaye

saisi_wa_molo (mleta uzi)

Wadau salaam. Kwenye ule uzi wa mbio za Ngong watu waliniuliza sana hii biashara ya madume wa kupandisha inaendaje, nikasema nitafungua uzi wake, ndio huu. Kwa wasionijua, nimelelewa Molo kwenye mashamba ya farasi, mzee wangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na saa hii niko Ireland upande wa Kildare, nafanya kazi shamba linaloweka madume wa thorobredi, yaani hawa farasi wa mbio wa damu safi, wenye majike wanawaleta wapandishwe kwa ada. Jina la shamba nabaki nalo.

Neno langu kubwa ni moja. Kwenye hii biashara mwenye jike ndiye anabeba karibu hatari yote, na kinachomlinda ni ile karatasi aliyosaini. Matangazo unayoyaona, dume amesimama anang'aa, mbio alizoshinda, bei ya watoto wake mnadani, yote yanakuvuta uangalie dume. Hakuna tangazo linalokuvuta usome masharti.

Mfano wa bei ili twende pamoja. Mwaka 2024 dume anaitwa Dubawi pale Newmarket Uingereza alikuwa pauni 350,000 kwa jike mmoja, na dume mwingine Frankel hivyo hivyo pauni 350,000. Kule Kentucky Marekani, dume Into Mischief alikuwa dola 250,000. Hio sio bei ya kununua mtoto, ni bei ya jike wako kupelekwa kwa huyo dume msimu mmoja basi. Halafu wako madume wengi tu wa euro 5,000, 3,000 mpaka chini ya hapo, na hao ndio wenye majike wa kawaida wanawatumia, kwa hio usiangalie hizo namba za juu ukadhani hii ni biashara ya masheikh peke yao. Ulizeni, nitajibu kadri ninavyojua.

ng'ombe_wa_Tanga

Mkuu shukrani kwa uzi. Swali la mfugaji: sisi ng'ombe tunapandisha kwa chupa, mhimilishaji anakuja na pikipiki na mtungi wake, mbegu ya dume bora wa Ulaya unaipata kwa hela ya kawaida kabisa. Kwa nini watu wa farasi wasifanye hivyo, au mbegu ya farasi haigandishwi?

saisi_wa_molo

Kaka swali zuri sana na ndio msingi wa hizo bei zote. Mbegu ya farasi inagandishwa, farasi wa kuruka vizuizi na wa michezo mingine wanahimilishwa kila siku hapa Ulaya. Ila thorobredi sheria zao ni tofauti, mtoto akipatikana kwa chupa hasajiliwi kama thorobredi, na asiposajiliwa haruhusiwi kukimbia kwenye mbio za thorobredi. Lazima dume ampande jike kwa mwili, wote wawili wako hapo. Ni sharti la dunia nzima, Uingereza, Marekani, Japani, Australia, Kenya pia.

Na hawa watu nasaba kwao sio mchezo. Kitabu chao cha ukoo kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, na madume wote wa thorobredi walioko leo ukiwafuata kwa baba unaishia kwa farasi watatu tu walioletwa kutoka mashariki miaka ya 1600 na 1700, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Siku hizi kila mtoto anapimwa DNA na kulinganishwa na baba na mama kabla ya kupewa paspoti, kwa hio hakuna kudanganya eti huyu ni mtoto wa fulani.

Sasa angalia hilo sharti linafanya nini kwenye pesa. Dume wa ng'ombe anaweza kuwa na watoto maelfu kwa maelfu, nchi kumi, hata baada ya kufa. Dume wa thorobredi anapanda mara mbili tatu kwa siku, akiwa na bidii sana nne, msimu ni kuanzia katikati ya Februari mpaka Juni ama Julai hivi, ukiisha umeisha. Akifa leo hakuna kilichobaki kwenye friji. Hio ndio inafanya nafasi moja kwa dume mkubwa iuzwe bei ya nyumba.

Na mbona msimu ni Februari? Manake thorobredi wote wa nusu ya kaskazini ya dunia wanahesabiwa kuongeza mwaka Januari 1, hata kama mtoto alizaliwa Mei. Mimba ni miezi 11. Ukipandisha mapema sana mtoto anazaliwa Desemba na wiki chache baadaye anaitwa wa mwaka mmoja, amekwisha, atakimbia na waliomzidi karibu mwaka mzima. Kusini, Australia na Afrika Kusini, siku yao ni Agosti 1 na msimu wao unaanza Septemba, na ndio maana madume wengine wanapandishwa ndege, wakimaliza Ireland wanaenda Australia. Dume anaitwa Danehill ndiye aliyeonyesha watu kwamba hio inalipa. Ila ina hatari zake, mwaka 2007 mafua ya farasi yaliingia Australia kupitia madume walioletwa kutoka nje, mbio zikasimama, farasi wakafungiwa majimboni.

Binti_Kibaha

Naomba utuelezee siku yenyewe inakuwaje, jike anafika shamba halafu? Na huyo mwenye jike analipia nini hapo, ada tu au na mengine?

saisi_wa_molo

Dada hapa nitaandika ndefu kidogo nivumilie, ndio kazi yangu hii.

Kabla jike hajapakiwa kwenye gari lazima apimwe. Daktari anachukua sampuli kwa pamba sehemu za siri, inaenda maabara, shamba halimpokei bila cheti. Hii ilikuja baada ya mwaka 1977, pale Newmarket ulitokea ugonjwa wa kizazi unaoambukizwa kwa kupanda, jike mmoja anampa dume, dume anawapa wengine, mashamba yakafungwa katikati ya msimu. Tangu hapo hakuna cheti hakuna kupanda, na dume naye anapimwa kabla ya msimu. Mwenye jike usikubali shamba lisilokuuliza cheti, manake kama hawajakuuliza wewe hawajawauliza na wale waliokutangulia.

Halafu ni suala la joto, yaani siku ambazo jike yuko tayari kupandwa. Jike anazunguka kila siku 21 hivi, na joto lenyewe ni siku tano mpaka saba, lakini yai linashuka mwishoni mwishoni. Kupandisha mapema ni kupoteza nafasi. Kwa hio tunatumia dume mwingine wa kumchokoza, farasi wa kawaida asiye na bei, analetwa karibu na jike kuna ukuta katikati, jike akiwa tayari anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo, anatulia, asipokuwa tayari anapiga mateke ukuta mpaka unatikisika. Yule dume wa kuchokoza anafanya kazi ngumu kuliko wote na haandikwi popote, mimi nampenda sana yule wa kwetu. Kisha daktari anaingia na ultrasaundi anaangalia yai limefikia ukubwa gani, akisema kesho saa nane mchana, basi ni kesho saa nane mchana, simu inapigwa, nafasi inakatwa.

Kwenye banda la kupandishia sakafu ni laini, kuta zimewekewa mito, sisi tuna helmeti. Jike anaoshwa, mkia unafungwa bandeji, miguu ya nyuma anavalishwa viatu vya manyoya mazito ili akirusha teke asimvunje dume. Akiwa na mtoto anayenyonya, mtoto anashikwa pembeni anapoweza kumwona mama, ukimficha jike anachanganyikiwa. Tendo lenyewe ni dakika chache. Watu wanne watano wanafanya kazi kimya kimya, hakuna kupiga kelele wala kumchapa mnyama, jike akiogopa mara ya kwanza utapata shida naye maisha yake yote ya kuzaa, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kuna mashamba bado yanafanya kwa haraka na kwa nguvu, wanataka wawahi anayefuata.

Siku ya 14 mpaka 16 ultrasaundi tena. Hapa usikose kabisa. Farasi akibeba mapacha karibu kila mara wote wanapotea, na wanaweza kuondoka na mama, kwa hio daktari anaondoa mmoja mapema kabla hawajashikamana na kizazi. Ukichelewa wiki mbili hio kazi inakuwa ngumu mno. Kisha wanaangalia moyo karibu siku ya 28, na tena siku ya 40 na kitu. Asiposhika anarudi joto linalofuata, hesabu ni kama sita kati ya kumi wanashika kwa joto moja, shamba zuri na jike mwenye afya.

Gharama sasa. Ada ya dume ni moja. Kuna malazi ya jike kila siku anayokaa, daktari kila anapogusa, usafiri, maabara, mhunzi wa kwato, bima ukitaka. Na hizo zote unalipa jike ashike asishike. Kwa dume wa bei ya chini hizo gharama nyingine zinapita ada yenyewe, na watu wengi wapya hawalijui hili mpaka bili ifike.

mzee_wa_mnadani

Kijana umeeleza vizuri. Tupe hayo masharti ya mkataba sasa, nimesikia maneno kama Oktoba mosi.

saisi_wa_molo

Shikamoo mzee. Ndio, Ireland na Uingereza mkataba wa kawaida unasema ada inalipwa Oktoba 1 kama jike ana mimba siku hio. Kama hana, daktari anaandika cheti kwamba hana, hulipi. Unasikika mzuri lakini angalia, toka Oktoba mpaka mtoto azaliwe kuna miezi mitatu na nusu mpaka minane, mimba ikiporomoka Novemba pesa imeshakwenda.

Aina ya pili ni dhamana ya mtoto hai, ndio wanaotumia zaidi Marekani. Unalipa mtoto akizaliwa akasimama na akanyonya. Asiposimama hulipi. Mimi mwenye jike mmoja ama wawili namshauri atafute hii hata kama dume anakuwa wa daraja la chini kidogo. Ya tatu ni kugawana mtoto, shamba halichukui ada, mtoto anakuwa wenu nusu kwa nusu mpaka auzwe, hapo andikeni nani anaamua auzwe mnada gani, nani analipa chakula, na mkikosana inakuwaje.

Na kuna vipengele vidogo vinavyouma. Ukiuza jike akiwa na mimba, mikataba mingi inasema ada yote inadaiwa pale pale na dhamana inakufa. Nimeona mama mmoja hapa aliuza jike wake vizuri tu mnadani, akafurahi, wiki ileile barua ya ada ikafika na mimba ikawa imeporomoka mikononi mwa mnunuzi. Mkataba ulikuwa umesema, yeye hakufika ukurasa huo. Kingine, dume akifa ama akiumia katikati ya msimu, unarudishiwa pesa au unapewa dume mwingine wa shamba hilo usiyemtaka? Kingine, cheti cha daktari kisipofika kwa tarehe waliyoandika unahesabiwa kama jike ana mimba, unalipa.

Na kadri dume anavyokuwa mkubwa dhamana inapungua, anayeuza hana haja nayo. Dume Northern Dancer, huyu alikuwa mfupi mpaka akiwa na mwaka mmoja alikosa mnunuzi kwa dola 25,000, akaja kushinda Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani, mwaka 1964, kufika katikati ya miaka ya 80 nafasi yake ilifika dola milioni moja bila dhamana yoyote. Jike asiposhika, pole.

ng'ombe_wa_Tanga

Aisee. Sasa mtu anachaguaje? Si unachukua tu aliyeshinda mbio nyingi?

saisi_wa_molo

Hapana kaka, na hapo ndipo watu wanaungua. Kushinda mbio ni kitu kimoja, kutoa washindi ni kingine. Cigar alishinda mbio 16 mfululizo Marekani, akanunuliwa kwa mamilioni awe dume, hakutia mimba hata jike mmoja, bima ndio ikalipa. Huyo ni wa mbali sana lakini wako wengi wanaotia mimba vizuri na watoto hawakimbii.

Dume akistaafu mbio mwaka wa kwanza ana bei juu, kila mtu anamtaka, jina bado la moto. Watoto wa kwanza wanafika umri wa kukimbia dume akiwa tayari kwenye msimu wake wa nne. Katikati hapo, mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, hakuna anayejua chochote, ada inashushwa, majike wanapungua. Dubawi mwenyewe alianza pauni 25,000 mwaka 2006, akashuka mpaka 15,000, halafu mwaka 2010 mwanawe Makfi akashinda 2000 Guineas, mbio kubwa ya Uingereza, na tangu hapo bei haikurudi chini tena. Into Mischief alianza dola 12,500 akashuka 7,500, na shamba lake likaweka mpango kwamba ukileta majike kwa miaka miwili unapata haki ya kumtumia dume huyo kila mwaka maisha yake yote. Waliokubali wakati ule wamekalia haki ya kitu cha dola 250,000.

Lakini msichukue hio mkasema basi kila dume wa mwaka wa tatu ni Dubawi, wengi wanaishia kuuzwa nchi nyingine kimya kimya. Ninachosema ni kwamba ukienda na dume wa miaka hio ya kati, una nguvu ya kudai masharti. Dai dhamana ya mtoto hai, dai punguzo, wanakuhitaji. Kwa dume wa mwaka wa kwanza anayegombaniwa huna nguvu hio. Na kama lengo lako ni kukimbiza mtoto mwenyewe, sio kumuuza akiwa mdogo, chukua dume mzee aliyethibitika ambaye mnada umemchoka, watoto wake wanakimbia na bei ni ya binadamu.

Binti_Kibaha

Na hawa madume wanamilikiwa na mtu mmoja au kampuni? Nilisoma zamani kuhusu farasi wa Aga Khan aliyeibiwa.

saisi_wa_molo

Huyo ni Shergar dada, na mambo yalitokea hapa hapa Kildare. Alishinda Derby ya Epsom, mbio kubwa ya Uingereza, mwaka 1981 kwa kuacha wenzake urefu wa farasi kumi. Aga Khan wa nne, yule aliyefariki 2025 ambaye kwetu tunamjua kwa hospitali na shule, alimgawa hisa 40, kila moja pauni 250,000, yeye akabaki na sita. Kila mwenye hisa anapata nafasi moja kwa msimu, anaweza kuleta jike wake ama kuiuza. Februari 1983 watu wenye silaha walimchukua usiku na hakuonekana tena. Alikuwa amepandisha msimu mmoja tu. Wenye hisa waliokuwa na bima isiyotaja wizi hawakulipwa.

Enzi hizo dume alipewa majike 40 mpaka 50 hivi kwa mwaka, ndio maana hisa 40. Leo kuna wanaopewa zaidi ya 200. Hapa nina msimamo na najua hautapendwa na mabosi. Kule Marekani, Jockey Club, wale wanaosajili thorobredi, waliweka kanuni mwaka 2020 kwamba dume aliyezaliwa 2020 na kuendelea asizidi majike 140 kwa mwaka. Mashamba makubwa yakaenda mahakamani, wabunge wa Kentucky wakaingilia, mwaka 2022 kanuni ikafutwa. Ilikuwa kanuni nzuri. Dume wa majike 200 anamaanisha mnadani mtoto wako anasimama na ndugu zake wa baba mia na zaidi, bei inashuka, na anayeumia ni mwenye jike mmoja, shamba limeshakusanya ada 200. Na damu ya uzao mzima inazidi kuwa finyu, leo Ulaya kupata jike asiye na Northern Dancer kwenye ukoo ni kazi.

mtu_wa_Ngong

Boss mimi niko Kenya, nina jike wangu alikimbia Ngong sasa amestaafu, ana miaka 15. Nifanye nini kupata dume mzuri, nimlete huko kwenu?

saisi_wa_molo

Usijaribu kumleta. Afrika yetu ina ugonjwa wa farasi unaobebwa na vijidudu kama mbu vidogo sana, Ulaya wanauogopa kuliko kitu chochote, kutoa farasi kutoka kwetu kuja huku ni karantini na pesa ambayo jike mmoja hawezi kuirudisha. Upande wa pili inawezekana, kuleta farasi Kenya, na hivyo ndivyo damu mpya inavyofika, ama dume analetwa aishi hapo ama mtu ananunua jike mwenye mimba tayari kwenye mnada, Newmarket wana wao mkubwa wa Desemba, na mtoto anazaliwa nyumbani. Jike mwenye mimba ya dume ambaye mnada umemchoka anaweza kupatikana bei ambayo watu wawili watatu wakichanga wanaiweza. Chanjo ya huo ugonjwa ipangwe na veti mapema, akifika Kenya bila kinga ni hatari sana.

Ukitumia dume aliyeko hapo Kenya, kwanza pita Jockey Club of Kenya pale Ngong uhakikishe dume na jike wote wamesajiliwa na karatasi zao ziko sawa, manake mtoto bila usajili hakimbii. Dai cheti cha maabara cha dume, cha msimu huu. Masharti yaandikwe hata kama mwenye dume ni rafiki yako wa siku nyingi.

Na kwa miaka 15, kabla hujalipa mtu yeyote, mwite veti apime kizazi, achukue kipande kidogo cha ukuta wake kipelekwe maabara, watakuambia uwezekano wa kubeba mpaka mwisho. Aliwahi kuzaa huyo ama hii itakuwa mara ya kwanza?

mtu_wa_Ngong

Mara ya kwanza.

saisi_wa_molo

Basi hicho kipimo usikiruke, jike wa kwanza kuzaa akiwa na umri huo mara nyingi mlango wa kizazi haulegei vizuri, maji yanabaki ndani baada ya kupandwa na mimba haishiki. Veti akijua mapema anaweza kumsafisha siku inayofuata. Na kwa mkataba wako wewe sikubaliani na sharti lingine lolote, iwe mtoto hai, asimame, anyonye, ndio ulipe. Mwenye dume akikataa tafuta mwingine. Majibu ya maabara yakitoka yalete hapa tuyasome pamoja.